Marahaba ya Asiyekumbuka

Wahenga walisema wema hauozi. Ndani ya kauli hiyo mmefichwa sharti moja: kwamba aliyetendewa wema yupo na anakumbuka. Je, wema aliotendewa mtu ambaye baada ya dakika tano hajui kuwa alitendewa, huo nao huishi wapi? Suali hili si la kupitishia jioni barazani. Humkabili kila usiku muuguzi anaposimama mbele ya kitanda cha mzee mwenye maradhi ya kusahau.

Mfano na uwe wa Mutuka, kata ya mji wa Babati, mkoani Manyara, mbali na harufu ya bahari. Tumchukulie bibi wa huko, wa miaka 80. Amelelewa katika Kigorowa, lugha ya jamii ya Kikushi. Kiswahili alikipata baadaye, kwa soko na kwa majirani. Amelima mahindi na mbaazi, amezaa, amezika. Sasa yumo wodini kwa homa ya mapafu. Kwa kuwa wauguzi hupangiwa kazi popote nchini, yamkini aliyempokea ni binti wa Pemba au wa Mtwara. Na maradhi haya aghalabu huanza kuchukua kilichopatikana mwisho: Kiswahili cha bibi kinakupwa, Kigorowa kinabaki kama mwamba.

Katika hospitali zetu ndugu ndiye nusu ya uuguzi. Yeye huleta uji, hufua khanga, hugeuza mwili kitandani, na kwa bibi huyu ndiye mkalimani. Muda wa kutazama wagonjwa ukimalizika, ndugu hutolewa nje. Sheria hiyo ina maana yake, kwani wodi haiwezi kuwa kiwanja cha harusi. Lakini kwa mgonjwa huyu mmoja, anayetolewa nje si mgeni. Inayotolewa ni kumbukumbu yake.

Usiku bibi anapiga kelele, anang'oa sindano ya dripu, anataka kwenda kwao. Hapo ndipo huruma hupimwa, na hupimwa kwa ujuzi kabla ya machozi. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huletwa na homa, upungufu wa maji mwilini, maumivu, kukosa usingizi na ugeni wa mahali. Na mwenye maradhi ya kusahau hupatikana nako upesi kuliko wengine. Anayeng'ang'ania kushuka kitandani huenda kibofu kimejaa naye hana neno la kusema hivyo. Muuguzi anayemfunga mikono kwa bendeji amelijibu swali asilolisikia. Anayemwinua, akamwelekeza chooni, akamwachia taa ndogo na kumwomba dada wa zamu amruhusu mjukuu mmoja alale kando, huyo amesoma. Si kwamba wa kwanza ni mtu mbaya. Pengine yu peke yake na wagonjwa wengi, na uchovu nao ni maradhi.

Kisha bibi anamwita mama yake. Mama huyo alikwishafariki zamani. Wapo wasemao kuwa ukweli ni haki ya kila mtu, na mgonjwa asidanganywe. Kauli nzuri, kwa mtu awezaye kuuweka ukweli huo mahali. Bibi huyu akiambiwa, atafiwa leo; akiuliza tena alfajiri, atafiwa tena. Kumfisha mtu mama yake mara nne kwa usiku mmoja kwa jina la ukweli ni ukatili uliovaa kanzu safi. Wala si lazima kudanganya. Muuguzi aweza kumwuliza mama huyo alikuwa akipika nini, akaacha jibu lichukue muda wake.

Haya si mambo ya Ulaya tu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliona kuwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana maradhi haya.

Tulirudie suali la mwanzo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha filamu za huzuni na za furaha watu waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Mwaka 2014 ikafanywa hivyo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Filamu zilisahauliwa, lakini huzuni na furaha zilibaki. Kumbe mtu aweza kusahau aliyemkaripia na bado akashinda na donge kifuani.

Hii ni habari njema kwa wema, ila haitoshi. Ingekuwaje kama hata hisia hiyo isingebaki? Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1694 kuwa nafsi ya mtu hufika pale kumbukumbu yake inapofika. Kwa kipimo hicho bibi amekwisha, na kitandani umebaki mwili. Lakini kwetu mwanamke akizaa huitwa Mama Fulani, na jina hilo halikai kinywani mwake. Hukaa vinywani mwa wengine. Muuguzi anayewauliza ndugu bibi huitwaje nyumbani, akaliandika jina hilo kwenye faili juu ya hesabu ya dawa, anashika sehemu ya mtu huyo ambayo mwenyewe hawezi kuishika tena.

Na zipo salamu. Shikamoo, husemwa, asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Aliyesahau majina ya wanawe bado huitikia, kwani salamu za miaka mingi huwa za mwisho kuondoka. Kumwita mzee huyo "katoto" kwa kudhani ni mapenzi ni kumpokonya cheo hicho kimoja alichobakiwa nacho.

Saa tisa za usiku muuguzi anapita mara ya tatu. Bibi hamjui, hajawahi kumwona. Muuguzi anainama, anasema shikamoo kabla ya kugusa mkono wenye sindano. Marahaba, anajibu bibi, kisha anaendelea kwa Kigorowa, maneno marefu, yenye kicheko katikati. Binti wa Pemba haelewi hata moja. Anavuta kigoda, anakaa.