Chombo Ndani ya Chombo

Kiswahili kimelitwika neno moja mizigo miwili. Chombo ni jahazi, mashua au ngalawa ipasuayo mawimbi. Na chombo ni kila zana ishikwayo na mkono wa mwanadamu ili imtimizie haja yake. Kwa karne nyingi maana hizi mbili hazikugombana, kwani zana zilizopakiwa mashuani zilimtii aliyezishika. Leo mashua ndogo ya mbao yaweza kubeba kifaa cha GPS kinachoenea kiganjani, kipimio cha kina, kengele ya ngama na kitoa ishara cha dharura. Na chombo kidogo ndicho kinachokiambia chombo kikubwa pa kupita. Hapo ndipo linapozuka suali: chombo kikienda mrama, nani wa kuulizwa?

Suali hili halijibiki kwa kuwasifu wahenga na kuwabeza vijana wa leo. Wahenga nao hawakusafiri mikono mitupu. Walikuwa na dira. Walikuwa na bildi, risasi iliyofungwa kambani, ambayo chini yake hupakwa shahamu ili ipande na mchanga au tope, na kumwarifu nahodha si kina tu, bali na sakafu ya bahari ilivyo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia pia kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: uzi huumwa kwa meno, kibao hunyooshwa mbele ya jicho, na kimo cha nyota ya kaskazini juu ya upeo wa bahari kikapimwa. Kusini mwa ikweta, ambako nyota hiyo haionekani, waligeukia nyota nyingine. Ahmad bin Majid, bingwa wa Julfar wa karne ya 15, aliifunga elimu hiyo katika mashairi ya Kiarabu, likiwamo moja juu ya njia ya Sofala, ili baharia aibebe kifuani. Lakini kamal haisemi neno mpaka jicho lifanye kazi, na shairi halimfai asiyelihifadhi. Chombo na mtu walikesha pamoja.

Vyombo vya leo vina fadhila ambayo ni dhulma kuikana. Kifaa cha GPS husikiliza setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, na kwa ishara za nne kati yao hukokotoa mahali kilipo. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikizichafua kwa makusudi ishara za watumiaji wa kawaida, hata kosa likafikia mita 100 hivi. Tangu ilipoacha, kosa limeshuka hadi mita chache. Kipimio cha kina hupeleka sauti chini, ambayo husafiri baharini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, kisha hupima muda wa mwangwi kurudi. Kitoa ishara cha dharura huziita setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, uliookoa watu wake wa kwanza mwaka 1982. Mvuvi aliyezimikiwa na mashine katika kusi kali, na pwani imekwisha kumpotea machoni, hahitaji kuelezwa thamani ya chombo cha namna hiyo.

Hata hivyo kila kimoja kina mpaka wa usemi wake. GPS humwambia nahodha alipo. Haimwambii kama mwamba uko pale ulipochorwa, na ramani nyingi za bahari duniani bado zina sehemu zilizopimwa kwa bildi katika karne ya 19. Kipimio cha kina husema juu ya maji yaliyo chini ya mkuku, si yaliyo mbele ya omo.

Mfano ulio wazi kabisa haukutoka kwa mashua bali kwa meli ya abiria, Royal Majesty. Nao unazihusu mashua zote, kwa kuwa kosa lilikuwa la binadamu. Mwezi wa Juni 1995 meli hiyo ilikuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Muda mfupi baada ya kung'oa nanga, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Kifaa hakikunyamaza: kiliendelea kutoa tarakimu, sasa kwa kukisia kutokana na mwendo na mwelekeo tu, na kikaonyesha mabadiliko hayo kwa herufi ndogo kiooni. Kwa zaidi ya saa 30 maafisa wa zamu waliziamini tarakimu hizo. Kengele ya kipimio cha kina ilikuwa imewekwa kwenye sifuri. Walinzi wakaripoti maji ya buluu na nyeupe mbele; jicho likasema, kioo kikakana, na kioo kikasadikiwa. Meli ikapanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, maili 17 nje ya njia yake. Kwa rehema hakufa mtu.

Upo upande mwingine, nao ni wa haki. Meli kubwa za safari za kimataifa hulazimika kubeba AIS, kifaa kinachotangaza jina, mahali na mwendo wa meli, na kuzionyesha nyingine zinazojitangaza. Ngalawa ya mvuvi haijitangazi. Mbao zake hazirudishi vyema mawimbi ya rada, na taa yake aghalabu ni kurunzi. Juu ya kioo, bahari aliyomo ni tupu. Nahodha atazamaye kioo peke yake atampitia juu mtu maskini bila ya kumchukia wala kumjua, na kutojua huko hakutakuwa udhuru, kwani kioo hakikusema kwamba hapana mtu. Kilisema tu kwamba hapana aliyejitangaza.

Je, ndiyo kusema heri kuvitupa? La hasha. Nahodha anayekataa kitoa ishara kwa kuwa babu yake hakuwa nacho, ilhali uwezo wa kukinunua anao, huweka fahari yake juu ya roho za abiria. Anayelala kwa kuwa kioo kinawaka huweka raha yake juu ya roho hizo hizo. Makosa yao yanafanana. Abiria hakuikabidhi roho yake kwa nyota, wala kwa setilaiti. Aliikabidhi kwa mtu. Elimu yaweza kuhamishiwa ndani ya kifaa. Amana haihamishiki, kwa sababu kifaa hakina cha kupoteza.

Kidogo kuliko vyombo vyote hivi ni kengele ya ngama: boya dogo hupanda pamoja na maji yanayovuja, likaifunga swichi, na kengele ikalia. Haifui maji. Haijui kama walio juu wamo usingizini au wanabishana juu ya njia. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kengele yaweza kulia usiku kucha. Wa kuinama na kufua ni mtu.