Kuona Hakutoshi

Yuko askari wa namna ya pekee ambaye haendi kazini na bunduki. Huyo ni mwangalizi wa kijeshi. Umoja wa Mataifa ulianza kuwatuma maofisa wa namna hii mwaka 1948, katika nchi ile ile aliyozaliwa Bwana wetu, wasimamie mapatano ya kusimamisha vita kati ya Waarabu na Wayahudi. Kazi yao ni kukaa kati ya pande mbili, kutazama ni nani avunjaye mapatano, na kuandika ukweli bila upendeleo. Silaha yao ni macho na kalamu. Kazi hiyo yastahili heshima, maana vita hulishwa na uongo. Lakini je, kuona kwatosha?

Tarehe 4 Agosti 1993 Wanyarwanda walitia sahihi mapatano ya amani mjini Arusha, na waangalizi wakapelekwa Rwanda. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa jeshi la Umoja wa Mataifa huko, alipeleka habari New York kwamba silaha zimefichwa na Watutsi wanaandikwa majina. Alitaka kuzitwaa silaha hizo; akakatazwa. Mauaji yalipoanza mwezi Aprili, Baraza la Usalama likaamua kupunguza askari wake wabaki 270 hivi. Habari zilifika, wakubwa wakazisoma, wakapita kando.

Hata hivyo palikuwapo kapteni mmoja wa Senegal, Mbaye Diagne, mwangalizi asiye na silaha. Kazi aliyopewa ilikuwa kutazama na kutoa habari. Yeye aliwapakia watu garini mwake, wachache wachache, akawavusha katika vizuizi vya wauaji kwa maneno mazuri na mzaha, akarudi kuchukua wengine, hata akaokoa mamia. Tarehe 31 Mei 1994 kombora lilimwua penye kizuizi mjini Kigali. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliweka nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Kapteni huyo alikuwa Mwislamu. Na wengi wa walioshika mapanga vizuizini walikuwa wamebatizwa kama sisi. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za wana wake katika Rwanda, wakiwamo mapadre na watawa.

Twaukumbuka mfano wa Msamaria. Kuhani aliona, Mlawi aliona, Msamaria naye aliona. Macho yao yalikuwa sawa. Mioyo ndiyo iliyoachana.

Basi, wasomaji wetu, tujiulize majumbani mwetu. Twamwona mjane akinyang'anywa shamba na nduguze marehemu. Twasikia kabila la jirani likitukanwa mezani petu, watoto wetu wakisikiliza. Twajua yatima wa nyumba ya pili hupigwa kila usiku. Nasi twasema: hayatuhusu.

Tusijidanganye. Siku ya hukumu Mwenyezi Mungu hatatuuliza tuliona nini, maana ajua. Atatuuliza, tulipokwisha kuona, tulifanya nini.