Herufi ni za Mgeni

Katika mtaa wetu wa Jericho, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, hapana jambo la serikali linalotimia siku hizi bila mtu kuketi mbele ya kompyuta: leseni ya udereva, ombi la pasipoti, mkopo wa mwanafunzi wa chuo kikuu na marejesho ya kodi ambayo mlango wake hufungwa tarehe 30 Juni kila mwaka, yote hayo yamehamia mtandaoni, na kwa kuwa si kila nyumba ya kanjo ina kompyuta, wakubwa kwa wadogo huelekea saiba, vile vyumba vyembamba vilivyojibanza kati ya kinyozi na duka la M-Pesa, wakalipa kwa dakika au kwa ukurasa, wakaandika. Nami nimeketi humo mara nyingi kiasi cha kumaizi jambo ambalo wajuzi wa kompyuta aghalabu hawalioni, kwamba kibodi iliyofutika herufi haimdhuru mjuzi hata chembe, bali humdhili yule asiyejua.

Mimi nilifunzwa kupiga taipu zamani, katika chuo cha makarani, ambako mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa tusipate kuchungulia, mpaka vidole vikazoea kukaa juu ya A, S, D na F kwa mkono wa kushoto, vikatoka hapo na kurejea hapo vyenyewe. Ustadi huo ni wa siku nyingi. Mashine ya Christopher Sholes wa Milwaukee, ambayo kampuni ya Remington iliitia sokoni mwaka 1874, ndiyo iliyoanzisha mpangilio wa herufi tunaoutumia hadi leo, na tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin aliyekwisha kuuhifadhi mpangilio huo moyoni alimshinda Louis Traub katika shindano la kupiga chapa lililovuma sana, naye hakuwa na haja ya kuyatupa macho kwenye mashine. Fahari hiyo haijafa, kwani mwaka 2005 ilitoka Marekani kibodi iitwayo Das Keyboard ambayo vitufe vyake havikuandikwa herufi hata moja, ikauzwa kwa wale wanaojivunia kwamba hawazihitaji. Siwalaumu wenye fahari hiyo. Ustadi ni neema, na mwenye nao ana haki ya kuufurahia nyumbani kwake.

Lakini saiba ya Jericho si nyumba ya mtu mmoja. Aingiaye humo ni mzee aliyestaafu kazi ya reli, ni fundi wa kike mwenye cherehani yake sokoni, ni msichana aliyemaliza kidato cha nne anayeandika barua yake ya kwanza ya kuomba kazi, na hao wote huitafuta herufi kwa macho kwanza ndipo kidole kifuate. Pini ya Mamlaka ya Mapato kwa kila mtu binafsi huanza kwa A, na anwani ya barua pepe haiendi popote bila ile alama ya @. Ilhali A ndiyo iliyotangulia kufutika, na tarakimu nazo zimesagika kwa namba za vitambulisho vya mtaa mzima. Nilimwona mzee mmoja, mtu wa staha zake, ameivua kofia na kuipakata magotini, akiuliza kwa sauti ya chini, “Kijana, hii A iko wapi?” Naye kijana, kwa wema mtupu, akamjibu, “Wewe nitajie tu, mzee, nikuandikie.” Basi mzee akataja jina, akataja namba ya kitambulisho, kisha akataja neno lake la siri, herufi baada ya herufi, mbele ya kadamnasi ya watu waliokuwa wakingoja zamu, na kwa kuwa kijana hakusikia vizuri mara ya kwanza, akalirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Hapo ndipo suala la vitufe lilipoacha kuwa la urembo machoni pangu. Neno la siri ni amana ya mwenyewe, na mtu anayelazimika kulitangaza barazani kwa sababu plastiki imesagika amenyang'anywa kitu ambacho sheria, benki na serikali zinamhimiza akilinde. Tena mtu huyo si mvivu wala si mjinga, anajua kusoma na kuandika, na angaliandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja, falau angaliona mahali pa kubonyeza. Tumezoea kusema kwamba wazee hawaziwezi kompyuta. Mimi nasema kwamba tumewawekea mbele yao vibao vilivyofutika, kisha tukawahukumu kwa kushindwa kuvisoma.

Mwenye saiba hiyo namwita mwanangu, kwa kuwa nilimjua tangu utotoni akicheza mpira katika uwanja wa Camp Toyoyo, naye ana kibodi za aina mbili. Nyingi ni zile za kawaida, ambazo chini ya vitufe vyake mna utando wa mpira, na vifuniko vyake kila kiwanda hukata kwa umbo lake, hata kikiharibika kimoja hupati mbadala dukani. Lakini mbili alizinunua katika barabara ya Luthuli kwa bei nafuu akiwapendelea vijana wa michezo ya kompyuta, nazo ni za swichi: kila kitufe kina springi yake na kijiti kilichosimama chenye kichwa cha umbo la msalaba, na juu ya msalaba huo ndipo kifuniko chenye herufi kinapovikwa. Umbo hilo lilienezwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani tangu miaka ya 1980, na hataza yake ilipokwisha muda viwanda vya Uchina vikaliiga kwa wingi, hata leo kibodi ya shilingi elfu tatu au nne huvaa vifuniko vilevile vinavyovaliwa na kibodi ya bei mara kumi yake. Katika bidhaa za rahisi zinazotufikia, ni chache zilizo na insafu ya namna hii, kwamba maskini ananunua kitu kinachofunguka, na sehemu iliyochakaa akaibadilisha peke yake, kilichobaki kikaendelea kutumika.

Tukaenda kununua vifuniko, nami nilitaka kujua kwa nini vya kwanza vilikufa upesi. Vilikuwa vya plastiki ya ABS iliyo angavu, imepakwa rangi nyeusi juu, na herufi imechorwa kwa mwale wa leza unaoikwangua rangi ili taa ya chini ipenye. Basi jasho na mafuta ya vidole yakailamba ile rangi pembezoni, na A ikatanuka ikawa doa la mwanga lisilo na umbo. Plastiki ya PBT ni ngumu zaidi na haing'ai upesi kwa kuguswa, na katika vifuniko vilivyo bora herufi haipakwi juu, ama wino huzamishwa ndani ya plastiki kwa moto, ama kifuniko hufinyangwa kwa plastiki mbili za rangi mbili, ya herufi na ya mwili, ili hata kikiliwa uso wake herufi ingalipo. Hivyo vya pili ndivyo tulivyovichagua. Jambo jingine lilitaka uangalifu: maandishi ya kifuniko sharti yapatane na mpangilio uliowekwa ndani ya kompyuta, kwa maana katika mpangilio wa Marekani alama ya @ iko juu ya 2, na katika ule wa Uingereza imekwenda kukaa karibu na Enter, na kifuniko kinachosema uongo ni kibaya kuliko kisichosema kitu. Mgeni atokaye Goma, aliyezoea kibodi za Kifaransa, huikuta Q pale alipoiacha A kwao. Huyo hana msaada mwingine ila herufi ionekane waziwazi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kijana aliipiga kibodi picha kwa simu, akaichomoa kwenye kompyuta, akaingiza koleo dogo la waya chini ya kila kifuniko na kukivuta wima bila kukipinda. Kile kirefu cha nafasi alikiachia mpaka mwisho, kwa sababu kimeshikwa na waya pande zote mbili, na ukikivuta kwa haraka waya hujipinda na kitufe hubaki kikichechemea. Chini ya vifuniko palikuwa na vumbi la Jericho, makombo ya mandazi, nywele kutoka kwa kinyozi jirani, na punje za kucha. Tukapiga brashi. Kisha vifuniko vipya vikapangwa safu kwa safu, maana kila safu ina mwinamo wake, na ukiitia herufi ya safu ya juu katika safu ya kati kidole hujikwaa hapo siku zote. F na J zikapewa vile vinundu vyake ambavyo kidole cha shahada huvitafuta gizani. Vile vya zamani niliviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikavianika, na humo nikasoma habari ambayo sikuitarajia.

Kwa maana kibodi yangu ya nyumbani, ambayo haiandiki ila Kiswahili, nayo nimeibadilisha vifuniko, na nilipoziweka seti mbili hizo kuukuu ubavu kwa ubavu ziliwatangaza wenyewe waziwazi. Katika yangu A imelika kupita kiasi, ikifuatwa na I na U, na Q na X zingali na ukali wa dukani, kwa sababu maneno yetu hayazihitaji. Katika ya saiba E imesagika karibu sawa na A, kwa barua za Kiingereza za kuombea kazi, na tarakimu zote kumi zimekwisha. Niliziangalia kwa muda mrefu. Kazi ya watu wengi sana imepita juu ya vipande hivyo vidogo, na wengi wao hawakuacha alama nyingine mtandaoni isipokuwa fomu walizojaza.

Palizuka mjadala mmoja. Kijana alitaka vifuniko vya rangi za kuvutia, vyenye vibonzo, mimi nikashikilia herufi kubwa nyeupe juu ya weusi, nikimwambia, “Mwanangu, macho ya miaka sabini hayaoni zambarau juu ya bluu.” Akakubali, ila akaomba Enter iwe ya rangi ya machungwa, nami nikamwachia, na amenishinda kwa haki, kwani sasa humwambia mtu abonyeze ile ya machungwa, na mtu huibonyeza mwenyewe. Zile za mpira zilizobaki tumezibandikia stika za herufi, ambazo zitaanza kubanduka kwa jasho kabla ya mwaka kwisha, na tumekubaliana kwamba kila moja itakayoharibika nafasi yake itachukuliwa na ya swichi, ikianzia ile ya kona, mbali na foleni, ambapo mtu anaweza kuandika neno lake la siri bila jirani kulitazama.