Kabla Trekta Kuukuu Halijapanda Trela

Trekta kuukuu likiwa Lodwar na kazi ikiwa Kakuma, mwenye busara haliendeshi barabarani zaidi ya kilomita mia moja katika jua lile. Hulipakia kwenye trela. Safari yenyewe watu huihofia ipasavyo: joto, malori ya barabara ya A1, laga, yaani mito ya msimu, zinazojaa ghafla mvua ikinyesha mbali. Dakika chache za kulipandisha trekta ndizo hatuzihofii, na ndizo zinazoweza kuua. Nawaomba ndugu zangu wa kazi hii, nami nikiwa mmoja wa wanaoweza kuteleza, tukitazame kisa cha zamani ambacho kosa lake bado tunalo.

Henry Ford alianza kuunda trekta la Fordson mwaka 1917. Lilikuwa jepesi, fupi, na bei yake mkulima wa kawaida aliiweza. Hadi mwaka 1928, alipoacha kuyaunda Marekani, yalikuwa yametoka zaidi ya laki saba. Lakini jembe liliponasa kwenye kisiki, au magurudumu ya nyuma yalipozama, dereva aliongeza moto. Gurudumu likikwama namna hiyo, nguvu ya injini hutafuta pa kwenda: huuzungusha mwili wa trekta kuizunguka ekseli, pua ikapanda juu, na chuma chote kikamwangukia aliyekaa nyuma. Mwaka 1922 gazeti la Pipp's Weekly la Detroit lilidai kwamba Fordson lilikuwa limeshaua watu 136. Baadaye yakatoka madigadi marefu yaliyonyooka kwenda nyuma, ili yagonge ardhi kabla trekta halijapinduka kabisa. Sweden ndiyo iliyolazimisha, mwaka 1959, kila trekta jipya liwe na fremu ya kumkinga dereva.

Dalili ilikuwa mbele ya macho: pua iliyoinuka. Inapoinuka kidogo ikarudi, dereva huona ni tabia ya trekta lake, na kesho huongeza moto vilevile. Siku isiporudi, hana nafasi ya kufikiri. Wataalamu wa usalama hukadiria kwamba tangu magurudumu ya mbele yaachane na ardhi hadi pasipo kurudi ni kama robo tatu ya sekunde. Mguu haujafika kwenye klachi.

Sasa tulilete Massey Ferguson 135, lililoundwa kati ya 1964 na 1975, mengi yakiwa bila fremu ya kumkinga dereva. Likielekezwa kwenye mbao za kupandia, pua imekwisha kuwa juu kabla kazi haijaanza. Tairi za nyuma, ndizo nzito, zinakutana na ncha ya mbao iliyozama katika mchanga wa Lodwar, nazo zinanasa. Hicho ni kisiki cha Fordson. Ukiona tairi imesimama pale na injini inalia, usiongeze moto, nakusihi. Kanyaga klachi, funga breki, zima injini, ndipo ushuke, chimbua mchanga, tandika ubao mpana chini ya ncha.

Bora zaidi, tafuta ukingo wa ardhi ulio karibu sawa na kimo cha trela, usogeze trela hapo. Pasipo na ukingo, lipandishe kinyumenyume, kwa gia ndogo kabisa, bila kubadilisha gia katikati. Hapo uzito mkubwa uko upande wa juu, na mvuto wa injini hukandamiza pua badala ya kuiinua. Lililopanda kwa mbele litashuka kwa nyuma, na ukikanyaga breki ghafla likishuka hivyo, linaweza kukupindukia vilevile.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huichukulia kama jambo dogo. Trekta linapokanyaga mkia wa trela, mkia hushuka, na shingo ya trela huinua nyuma ya pikapu inayoivuta. Breki ya mkono ya pikapu nyingi hushika magurudumu ya nyuma, yaleyale yaliyonyanyuliwa. Basi pikapu, trela na trekta vyote vinaweza kuanza kuteremka pamoja. Kwa hiyo mkia uwekewe magogo yaliyokaa juu ya mbao, maana juu ya mchanga peke yake yatazama, na magurudumu ya pikapu yawekewe kabari, hasa ya mbele.

Breki za trekta nazo zina pedali mbili, kwa ajili ya kukata kona shambani. Zifungwe pamoja kwa komeo lake. Ukikanyaga moja tu juu ya mbao, trekta hugeuka na kuanguka ubavuni. Komeo likiwa limepotea, na katika matrekta ya zamani hupotea mara nyingi, lipatikane kwanza, hata kama mteja wa Kakuma anapiga simu.

Likishapanda, uzito wake mwingi ukae mbele kidogo ya ekseli ya trela, ukirudi nyuma trela itayumba barabarani. Minyororo iende pembe zote nne, isifungwe kwenye vyuma vya usukani. Simameni kabla hamjaenda mbali mkaikaze tena, kwa sababu tairi hutulia na minyororo hulegea.

Mkifika Kakuma kulishusha, watu watakusanyika, watoto wakiwa mbele. Tanboi asiwaze minyororo kwanza, awaondoe nyuma na pembeni mwa mbao. Wakikataa kusogea, injini isiwashwe.