Kalenda Yetu Haijapotea

Wajukuu zangu, nimewasikia mkisema mwaka wetu wa mwezi hautulii, eti ule wa jua ndio wa kisayansi. Hebu nisikilizeni.

Hapa Stanmore, London, kwenye barabara ya Wood Lane, tuna kituo chetu cha Husseini na hekalu la Swaminarayan. Mayahudi wana sinagogi lao, na Wakristo kanisa la Mtakatifu Yohana, ubavuni mwa gofu la kanisa la 1632. Wote hao huutazama mwezi. Mayahudi huongeza mwezi wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19, Pasaka yao isitoke kwenye majira ya kuchipua. Wahindu pia huongeza. Pasaka ya Wakristo ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira hayohayo. Sisi Waislamu, Sura ya Tawba imetukataza kuahirisha miezi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka.

Mnaiona kasoro, mimi nauona uadilifu. Mwaka 2015 tulifunga Juni hapa, saa 18 na zaidi, na Unguja walifunga saa zao 13 na ushei za siku zote. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Sisi tutafunga saa 10 au 11, na siku ndefu itakuwa zamu ya watu wa Cape Town.

Tena msidhani wazee wa pwani hawakuujua mwaka wa jua. Wa mwezi ulikuwa wa ibada. Wa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi, ulikuwa wa jembe na tanga. Siku zake 365 zilihesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku, na Ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, alitaja misimu ya kusafiri kwa siku za Nairuzi. Lakini haukuwa na siku ya nyongeza, ukateleza siku moja kila miaka minne, sawa na mwaka wa Misri ya kale. Leo Makunduchi, kule Unguja, wanaukoga Mwaka huo wa Nairuzi mwezi wa Julai.

Kwa kuwa mwaka huo uliteleza, mkulima alikuwa pia na Kilimia, lile kundi la nyota. Kinazama na jua wakati wa masika, kinapotea wiki kadhaa, kisha Juni kinazuka alfajiri, mvua zimekwisha. Hilo halitelezi kirahisi.

Novemba, mbingu zikitakata, nendeni Stanmore Common usiku wa manane mkitafute upande wa kusini, juu sana. Makunduchi nako hupanda karibu kimo hichohicho, ila upande wa kaskazini. Jirani akiwakaribisha Diwali au Pasaka, muulizeni siku ile imepatikanaje.

Mwaka 2047 Ramadhani itarejea Juni. Watoto wenu watalalamika, na wa kuwajibu mtakuwa ninyi.