Sitara na Siri ya Nyumba

Katika Changamwe, Likoni na Kisauni ziko nyumba nyingi za vyumba sita: vitatu upande huu, vitatu upande ule, ukumbi katikati na ua nyuma. Kila chumba kina mpangaji wake, na ukuta utengao chumba na chumba mara nyingi ni mwembamba. Akaaye humo husikia mengi asiyokusudia kuyasikia: kikohozi cha mgonjwa, sala ya mzee, kilio cha mtoto mchanga. Usiku mwingine husikia pia kishindo cha kipigo, na sauti ya mtu aombaye msamaha wa kosa asilolitenda.

Nilikaa katika nyumba namna hiyo huko Changamwe nilipokuwa nikisomea ualimu. Chumba kilichopakana na changu walikaa mume na mke na watoto wawili. Usiku nilisikia. Asubuhi nilimkuta yule mama penye mfereji, ameivuta leso yake mpaka karibu na macho. Nilimwamkia, "Umeamkaje, mama?" Naye aliniitikia, "Nimeamka salama, mwanangu." Kila mmoja wetu alijua kuwa sivyo. Tuliamkiana kwa uongo huo miezi saba. Kisha alfajiri moja chumba kilionekana kitupu, na mpaka leo sijui alikokwenda. Wakati ule nilijiambia kuwa nilinyamaza kwa adabu. Sasa najiuliza kama haikuwa woga uliovaa nguo za adabu.

Swali letu basi ni hili: je, ni haki mtu kuingilia siri ya nyumba isiyo yake?

Wanaosema si haki wana hoja, na yafaa tuisikilize. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Sitara ni sifa njema katika pwani yetu. Jirani aonaye kuwa jiko la mwenziwe halikuwashwa leo, akapeleka sahani ya chakula bila kumwambia mtu, ametenda wema mkubwa. Na mtu achukuaye habari za nyumba ya watu akazipeleka barazani ni mtu mbaya. Haya yote ni kweli.

Lakini tazama vema sitara ni nguo ya nani. Sitara humfunika aliye uchi. Haikushonwa kuuficha mkono umvuao mtu nguo. Umaskini wa nyumba ni siri ya wenye nyumba wote, kwa kuwa wote wanaumia kwa kujulikana kwake. Kipigo si siri ya wote. Apigwaye haumizwi na kusaidiwa. Apigaye ndiye afaidiwaye na kimya. Kila uambiwapo kuwa jambo ni siri ya nyumba, uliza kwanza siri hiyo yamlinda nani. Jibu litakuonyesha njia.

Wengine husema kuwa kuishtaki nyumba mbele ya watu ni desturi ya kigeni. Hawakumbuki mahakama za Kadhi. Wanawake wa pwani wamekuwa wakizipeleka mbele ya Kadhi dhuluma za waume zao tangu zamani, wala hawakungoja kufundishwa na mgeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, yampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili, utoke serikalini au utoke kwa mtu binafsi. Sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015 iliendelea mbele zaidi. Hiyo haihesabu ngumi peke yake. Yahesabu pia matusi, vitisho, kumnyima mtu fedha za maisha yake, na kumwandama kila aendako. Yawalinda mke na mume, mtoto na mzee, na wakaao pamoja katika nyumba moja. Mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi, nayo yaweza kumkataza mtesaji asimkaribie anayeteswa.

Utauliza, "Mbona haondoki?" Swali hili huulizwa upesi na mtu mwenye pa kulala. Aende wapi, na watoto, bila fedha, akiwa amekwisha kuambiwa kuwa atafuatwa? Mtu wa miguu avukaye kwa feri ya Likoni halipi nauli, lakini maji yale ni mapana sana kwa mtu aliyevunjwa moyo. Tena saa ya kuondoka mara nyingi ndiyo saa ya hatari kubwa kuliko zote. Kwa hiyo msaidizi mwema haamrishi. Husikiliza, huamini, huuliza faraghani na si mbele ya mtesaji, na humwachia mwenyewe uamuzi. Huweza kumtunzia kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nguo chache. Fimbo ya mbali haiui nyoka; mlango wa jirani ndio fimbo ya karibu.

Mlango huo ukifunguliwa, njia iko. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia, nako hupatikana fomu ya P3 ambayo daktari huandika majeraha. Hospitali Kuu ya Pwani, kisiwani Mombasa, ina kituo cha kuwatibu waliotendewa ukatili. Na aliyenajisiwa yampasa kufika hospitali yoyote kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kukinga virusi vya ukimwi. Chama cha mawakili wanawake, FIDA, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1985, kina ofisi Mombasa na huwasaidia wasio na fedha za wakili. Simu ya 1195 hupokea habari za ukatili, na ya 116 ni ya watoto. Zote hazitozwi malipo. Wazee wa mtaa nao hupatanisha, na kupatanisha ni kwema. Lakini suluhu imrudishayo aliyeumizwa chini ya mkono ule ule, bila sharti wala ulinzi, ni kimya kilichopewa jina zuri.

Nawe, mwanafunzi, labda nyumba ninayoieleza ni yenu. Jua basi kuwa kosa si lako, na wala si kazi yako kusimama katikati ya fimbo. Kazi yako ni kumwambia mtu mzima unayemwamini. Na asipokusikia, mwambie mwingine. Kama nyumba hiyo ni ya rafiki yako, usiipeleke habari yake uwanjani. Mpeleke yeye kwa mtu awezaye kumsaidia. Hapo ndipo umbea na msaada vinapoachana: umbea humsema mtu, msaada husema naye.

Nimekwisha kukuambia kwamba mimi nilinyamaza miezi saba. Sikuhitaji nguvu wala mali ili niseme neno moja penye mfereji: "Mama, nimesikia. Nikusaidieje?" Huenda angekataa, huenda angelia. Lakini angejua kuwa upande wa pili wa ukuta yuko mtu. Neno hilo nimelichelewa. Wewe hujalichelewa bado.