Kilio Kisicho na Maneno

Kitabu cha Amosi kina aya ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa siku ya mashindano ya kwaya. Humo Mungu amechoshwa na nyimbo za ibada, anaziita kelele, na vinanda navyo hataki kuvisikia. Waimbaji wale hawakukosea noti. Walikuwa wakimkanyaga maskini sokoni na mahakamani, kisha siku ya ibada wakaimba vizuri.

Aya hiyo inanigusa kwa sababu mimi ni fundi mitambo wa kanisa, hapa Mbeya, na ninalipwa kutenganisha sauti na kelele. Maiki ikipiga mluzi au spika ikianza kupasuka, usharika mzima unanigeukia.

Jumamosi moja, baada ya mazoezi, kijana wetu wa gitaa la besi alichomeka simu yake kwenye mixa. "Fundi, sikia hii, ni ya Wakenya." Ilikuwa albamu ya Duma, kundi la watu wawili wa Nairobi: Sam Karugu kwenye gitaa na mashine, na Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, kwenye maiki. Waliirekodi Kampala, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ikaitoa mwaka 2020. Wenyewe wanaojua mambo haya huuita muziki huo metali ya kiwandani. Kwangu ilikuwa mkusanyiko wa kila kitu ninachokizuia: gitaa limepasuliwa makusudi, ngoma za mashine zinakimbia kuliko mkono wa mpigaji yeyote, na juu yake mtu anapiga ukelele kutoka chini kabisa ya tumbo.

Mzee mmoja wa kanisa akatoka ofisini. "Fundi, zima hilo pepo."

Nikazima. "Lakini mzee wangu, hujauliza anasema nini."

"Haya, anasema nini?"

Sikuwa na jibu. Maneno yake mengi hayashikiki. Kijana naye, kwa kukosa busara, akasema kuna wimbo humo unaitwa "Pembe 666". Mjadala ukaishia hapo.

Sidai kwamba Khanja anaomba. Nyimbo zake nyingine naziona ubabe wa mapafu tu, na dakika kumi zinanitosha. Ila mwaka 2024 alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa lebo aliyoianzisha, Haekalu, akaitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake. Huyo ndiye mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildimasho katika Mau Mau. Alitoka msituni Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, akaziacha nywele zake bila kuzinyoa hadi 2022, akafariki mwaka uliofuata. Anayeweza kumwimbia mwanamke huyo kwa sauti nne zilizonyooka, mwenye sare na tai, aimbe. Mimi nisingemwamini.

Nasema hivi kwa sababu ya msiba wa mama, nyumbani Iringa. Shangazi yangu alilia kwa sauti, kilio cha kukatika na kuanza upya, kisicho na neno hata moja. Kiongozi wa ibada akamwambia anyamaze, sisi hatuhuzuniki kama wasio na tumaini. Kwaya ikasimama, kinanda kikapandishwa, shangazi akashikwa mikono akapelekwa nyuma kwenye mafiga. Huko akaendelea. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama hao wengine, hakuwaandikia wasilie. Na wimbo ule, ulioimbwa vizuri kweli, ulikuwa umewekwa juu ya kilio cha mtu ili kisisikike. Kama kuna kitu Amosi alikiita kelele, nadhani ni hicho.

Isitoshe, ukubwa wa sauti haujawahi kutuzuia. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na alfajiri ya Pasaka tarumbeta zao hulia makaburini kwa nguvu ya kumtoa mtu kitandani. Hizo nazo ni metali, na zimepita madhabahuni bila swali. Ngoma za wazee wetu, zilizokuwa hapa kabla ya tarumbeta, zilisubirishwa sana mlangoni. Makanisa mengine ya jirani hukemea mapepo usiku kucha kwa spika nne, na hakuna mzee anayewaambia wazime.

Mchungaji wetu, mtu ninayemheshimu, hunijibu kwa Eliya. Pale Horebu Mungu hakuwa katika upepo, tetemeko wala moto. Alikuja kwa sauti ndogo ya utulivu. "Kweli, Baba Mchungaji," nikamwambia, "lakini sauti ndogo ni ya Mungu. Eliya mwenyewe alirudia malalamiko yaleyale neno kwa neno, na hakuambiwa anyamaze." Akacheka, akasema nimeanza kuwa hatari.

Ninachokitegemea zaidi ni Marko. Kwake, Yesu anauliza kwa nini ameachwa, na baada ya hapo hatamki neno tena. Anatoa sauti kuu, anakata roho. Hatuambiwi alisema nini. Marko hakuandika silabi hata moja, kana kwamba hapakuwa na la kuandika. Sala ya mwisho ya Mwana wa Mungu, kwa mwandishi huyu, ni ukelele. Sisi kila Ijumaa Kuu tukifika hapo kwaya inaingia taratibu, na mimi naongeza mwangwi kidogo ili ipendeze.

Mwaka huu nilipendekeza pale kwaya isiingie. Mtu mmoja asimame, bila maiki, apige ukelele, kisha tukae. Mchungaji alilipeleka pendekezo hilo kwenye kikao cha wazee. Yule mzee wangu wa pepo alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: nani atakayeupiga?

Wanakwaya wakatazamana. Kijana wa besi akanyoosha mkono.

"Wewe hapana," mzee akasema. "Mwingine."